Alama Ambazo Mama Hakuzifunga

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imenibana.

Uliniuliza kwenye simu kamati yetu hufanya nini hasa. Tunaweka kanuni za kuandika kurasa za mtandaoni. Mwandishi huweka alama: hapa aya inaanza, hapa inaisha, hapa herufi ziwe nzito, hapa uzito ukome. Kivinjari, ile programu unayofungulia kurasa, huzisoma alama hizo na kupanga maneno. Tatizo ni kwamba watu hufungua alama wasizifunge, na kila kivinjari kinabahatisha kivyake. Mimi niko na kundi la wakali: ukurasa wenye kosa usionyeshwe kabisa. Tunapiga kura mwezi wa Mei. Wewe fundi wa milango utanielewa.

Binti yako

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, mdomo ndio haujatulia. Nani aliwapa hayo mamlaka? Mwenye kivinjari akiwapuuza, mnamfanya nini? Wenzangu karakanani wanasema najisumbua, nami nawajibu kuuliza si ujinga.

Halafu kuna hili. Ule ukurasa wa mishono mama yako aliuandika mwenyewe, alama kwa alama, mwaka aliostaafu ualimu. Unamjua marehemu. Mimi nilishinda nikitengeneza milango ya watu, naye nyumbani hakufunga hata mmoja. Kabati wazi, sufuria wazi, chupa ya mafuta haina kifuniko. Je, alama zake alizifunga? Neno la siri ameondoka nalo, hakuna wa kuurekebisha. Nami huwa naufungua kila nikimaliza kazi, nisome pale anaposema "Karibuni ndani".

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo. Mimi afya ipo, moyo ndio haujakaa sawa.

Nimeufungua ukurasa wa Mama kwenye kivinjari cha majaribio kinachofuata kanuni za kundi letu. Umekuja mweupe, na sentensi moja tu: kuna kosa. Lile "Karibuni ndani" alilipa herufi nzito, akasahau kufunga. Ndiyo maana kila neno chini yake ni zito mpaka mwisho. Siku zote nilidhani alipenda hivyo! Nimelia mbele ya wafanyakazi wenzangu. Kanuni hiyo niliipigania mimi, Baba.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo huko? Kimya chako kimenitia wasiwasi. Unakula?

Usipige kura kwa sababu ya marehemu. Ukurasa ukipotea, upotee. Nasema hivyo kwa mdomo tu. Moyoni sitaki hata kidogo.

Lakini swali linanisumbua. Kama alama haikufungwa, mbona kivinjari changu kinauonyesha? Kuna mtu alikiambia pa kufungia. Ni nani? Na je, cha jirani kinafungia hapo hapo?

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Nakula, na nimenenepa kwa kukaa.

Swali lako halikuniacha. Nilianza kufungua kurasa mbovu kwenye kila kivinjari nilichokipata, nione kila kimoja kinakisia nini. Mwisho nikalihama kundi la wakali, nikaenda kwa wanaotaka kosa lisamehewe. Wenzangu wameniita kigeugeu, na wengine hawanisalimii.

Tumeshinda. Kanuni sasa inamtaka mwandishi afunge alama zake. Akisahau, kivinjari kimfungie, na vyote vifungie mahali pamoja. Ubishi mkali ulikuwa kuhusu herufi nzito zisizofungwa: zikome aya inapoisha, au ziendelee? Nilisimama nikasema ziendelee, kwa kuwa kurasa nyingi za zamani ndivyo zilivyozoea kusomwa. Sikutaja ukurasa wa nani.

Binti yako

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo nina furaha. Wasiokusalimia wataacha tu. Waamkie wewe kwanza.

Nimeufungua ukurasa kwenye kompyuta yetu, kisha kwenye simu mpya ya jirani. Sawasawa! Kuanzia "Karibuni ndani" mama yako anapaza sauti mpaka kifungo cha mwisho cha gauni la mwisho. Jirani kaniuliza kwa nini maneno yote ni mazito, nikamwambia binti yangu ndiye aliyetunga sheria.

Sasa niambie. Ukurasa ukiisha na alama bado iko wazi, huo uzito unakwenda wapi?

Baba yako