Nailoni kwenye mfuniko wa tangi

Jumatano, Kidodi

Kosa si la Mzee Kibwana, fundi wangu wa injini. Naliandika hili kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Leo tena injini ya boti imezima katikati ya Mto Ruaha, nimepakia wakata miwa saba na mama mwenye mtoto mgonjwa. Maji yakaanza kutushusha. Kama tungefika kwenye mawe...

Nikafungua tangi kuangalia mafuta. Yapo. Nikafunga, nikavuta kamba, ikawaka.

Yule mama akaniuliza, "Kaka, mbona ukishafungua hapo ndiyo inawaka?"

Nikawavusha kwanza. Jioni nikakaa na tangi ukingoni, nikalitazama vizuri. Miwa ilianza kuchomwa wiki ileile ambayo Mzee Kibwana alinirudishia injini baada ya kuitengeneza, nami nikaufunga mfuniko kwa nailoni ili masizi yasiingie kwenye mafuta. Kumbe nimeziba kitundu cha hewa. Tangi lisipovuta hewa, mafuta hayafiki kwenye injini. Nikaitoa nailoni, nikawasha. Ikanguruma mpaka giza likaingia, haikuzima.

Na huyo mzee nimemrudishia injini mara mbili, nikamwambia mbele ya watu kwamba ufundi umemshinda. Jana nilimpita sokoni bila shikamoo, mtu wa rika la baba yangu. Akanisalimu yeye: "Hujambo, mwanangu? Injini inaendeleaje?" Nikaongeza mwendo.

Kesho naenda kwake. Habari ya nailoni nitaieleza kwa maneno mawili. Ile shikamoo niliyomnyima ndiyo sijui nitaitamkaje.