Ubani Wako Ulivyoingia Sinema

Ng'ambo, Unguja
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili, na wa kulia naubusu tena kwa kuwa ndio ulionichapa nikawa mtu. Goti lako lasemaje? Shemeji Omari alipofika huku alisema siku hizi wakwenda kisimani mwenyewe, nami nikamjibu, huyo ndiye mama yangu, Msambweni nzima mtafuteni wa pili wake. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Baba Bakari anashona makoti mpaka hana nafasi ya kukohoa.

Mwanasha, binti yangu, wewe unayemsomea bibi yako, soma polepole na usiruke pale ninapomsifu Bakari. Nakujua.

Mama, shemeji alinipa kile kifurushi cha ubani na maneno yako yote kama ulivyomtuma. Kwamba umesikia mjukuu wako anaonyesha watu mashetani gizani. Kwamba niufukize ubani huo palepale kazini kwake, na nikiona mashaka yoyote nimrudishe Msambweni akaangue nazi za babu yake. Sasa sikiliza nikueleze jinsi nilivyokutii, maana nilikutii, na nusura nimwangamize mtoto.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Bakari wako ndiye anayeendesha mtambo wa sinema. Si anayekata tikiti, si anayefagia. Mtambo! Jana Jumatano ilikuwa mara yake ya kwanza kuuendesha peke yake, kwa kuwa fundi wake anaumwa. Bwana mwenye jumba alimwambia asubuhi, "Kosa moja tu, kijana, sitaki kukuona tena." Na Jumatano alasiri ni siku ya wanawake watupu, jumba zima mabuibui, hapana mwanamume ila aliye kule juu kwenye mtambo. Basi mwanamume huyo mmoja ni mwanangu. Usinikataze kujivuna.

Nikatia makaa katika chetezo kidogo, nikayafunika jivu, nikaweka chetezo ndani ya kikapu na kikapu ndani ya buibui. Nikaketi safu ya tano. Pembeni yangu aliketi Bi Nunu, mwuza maandazi wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye maneno.

Nikamwambia, "Yule aliye kwenye mtambo ni mwanangu."

"Mashallah."

Nikamrudia neno lile lile, asije akasahau. Taa zikazimwa. Nikamwambia tena, "Hata kuzima huku kazima yeye."

"Bibi, hii mara ya tatu. Sasa niache nimtazame jini."

Maana filamu ilikuwa ya jini la kisimani. Mama, nitakupa rai yangu kwa ukweli: jini lenyewe zuri, linatisha, lina kucha kama magando ya kaa. Lakini yule bibi mwenye nyumba hana akili. Anakaa peke yake katika vyumba ishirini, hana shangazi, hana hata mpishi. Anasikia kisima kinamwita jina, badala ya kukimbia anachukua mshumaa anakwenda kuchungulia! Mtu wa kwetu angekwisha kufika Gazi, na viatu ameviacha. Wanawake wote walikuwa wakimpigia kelele, "Rudi, mwana! Rudi!" naye hasikii. Mimi nazipenda zaidi za kulia, za mama mkwe mbaya na mke anayeimba mvuani. Na ule mchezo wa redio wa Jumapili, wa ndugu wawili wanaogombea mchumba, huo siuachi hata chungu kiungue. Lakini hizi za kutisha nazo zina utamu wake, moyo unakuruka kisha unacheka.

Basi jini likaanza kutoa mkono kisimani. Nikasema, hapa ndipo alipopataka mama. Nikafukua makaa, nikatia ubani. Na wewe mama hukutuma ubani wa kidogo! Moshi ukapanda, ukaingia katika ule mwangaza unaotoka mtamboni, ukawa mweupe kama mtu aliyesimama. Sikufikiri hata kidogo. Huku Unguja, kama huko kwetu, kila mtu ajua ubani unafukuza mashetani, lakini ajua pia kwamba ubani unayaita.

Mmoja akalia, "Nasikia harufu! Wamekuja wa kweli!"

Mwingine akaanza kusoma dua kwa sauti. Safu ya mbele ikakimbilia nyuma, ya nyuma ikakimbilia mlangoni. Taa zikawashwa, filamu ikasimama. Mara akaingia bwana mwenye jumba, kaona moshi, kadhani mkanda umeungua. Akapaza sauti kule juu: "Bakari! Umeniunguzia mkanda! Shuka! Shuka uende kwenu!"

Mama, kosa langu, lawama kapewa yeye! Nikaona kichwa cha mwanangu kidirishani. Nikasimama, chetezo mkononi. "Bwana," nikasema, "si yeye, ni..."

Sikumaliza. Bi Nunu kanipokonya chetezo, kajitupa sakafuni, anatetemeka mwili mzima. Akatoa sauti nzito, ya kiume kabisa: "Nani kanizimia?"

Waliokuwa mlangoni wakageuka.

"Nimetoka Pemba kwa miguu kuja kutazama, nani kanizimia? Ubani ni wangu, nimeutaka mimi! Hakuna kilichoungua! Na kijana wa mtambo asishuke. Akishuka, nani atanionyesha mwisho?"

Bwana mwenye jumba kagandamana na ukuta. "Hewala, bibi," akasema. "Hewala, bwana. Hewala." Hajui amwite nani. Kisha akatazama juu, na sauti imekuwa ndogo kama ya kitoto: "Bakari, baba, endelea."

Bakari akaendelea. Mkanda haukukatika, picha haikutetemeka. Yule bibi wa kisima akaokoka, wala hakustahili.

Nje, Bi Nunu anakunywa maji, nikamuuliza, "Pepo wako ameshuka?"

"Hakupanda," akasema. "Ubani wenu wa Msambweni mkali, yeye haupendi. Nilitaka kuona mwisho tu. Na ningekuacha vipi, na umekwisha niambia mara nne kuwa ni mwanao?"

Baada ya magharibi Bakari akarudi, akaketi mkekani. "Mama, chetezo chetu kiko wapi?"

"Uvunguni."

"Leo alasiri kilikuwa uvunguni?"

Nikaungama. Nilidhani atakasirika. Akacheka mpaka akalala chali. Kisha akasema, "Mkono wangu ulikuwa unatetemeka tangu mwanzo. Harufu ile iliponifikia kule juu, nikajua ni ubani wa bibi. Ukatulia." Na bwana wake amemwambia Jumatano ijayo aendeshe yeye tena.

Basi mama, nimekutii, na ubani wako umefanya kazi yake. Nakuomba na mimi unikubalie moja: nazi za baba mwache mwingine aziangue. Mtoto ana kazi, anasali, na jini lake halitoki nje ya kile kitambaa cheupe.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mwambie mpwa wake amempita kwa urefu. Nisalimie dada anayeuza samaki barabarani, na somo yangu aliyenifunda. Mwanasha nambusu, kama hakuruka kitu.

Na wewe mama, njoo. Panda chombo na shemeji mwezi ujao, nitakukalisha safu ya tano, nami nitasimama niwaambie wote: huyu ndiye bibi wa mwenye mtambo. Lakini ubani, tafadhali, uache nyumbani.

Ni mimi mwanao uliyemzaa ukamchoka,
Mwanamisi, mama yake Bakari wa mtambo