Mtihani wa Uraia Ulioangukia Matangani

Akron, Ohio,
20 Februari 2017.

Mpendwa Dada Kaushila,

Shikamoo Dada. Macho yanaendeleaje? Na kile kifua? Baridi ya hapo kambi ya wakimbizi Beldangi imepungua? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia tangu wifi yako Manmaya atutoke. Mjukuu wako Purnima akusomee polepole, maana mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Sikumpa mtu kalamu.

Kiingereza nimekishika, Dada. Darasani wazee tuko wengi, lakini maswali yote mia moja ya mtihani wa uraia nayajibu mimi peke yangu, mwalimu kanipigia makofi. Nasomea jambo moja tu: nipate uraia, nipate pasi, nije nikae nawe kabla macho yako hayajazima.

Manmaya ndiye alikuwa akinisomesha jikoni, anajifanya afisa wa mtihani, mwiko mkononi. "We mzee, rais wa kwanza nani?" Nikikwama, basi! "Hata ng'ombe wako kule Bhutan walishika amri upesi kuliko wewe!" Tunacheka mpaka dengu zinaungua.

Alifariki Januari, moyo ulisimama ghafla. Wajua hatukujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo matanga niliyakalia mimi. Nikanyolewa, nikavaa shuka nyeupe, nikakaa konani, mlo mmoja usio na chumvi, bila kuguswa na mtu. Na siku ya mtihani ikaangukia humo humo.

Binti yetu Tulasa alilia. "Baba, vaa koti juu ya shuka, twende. Ni saa moja tu!"

"Afisa atanipa mkono."

"Si umpe!"

"Nimpe mkono, roho ya mama yako ipotee njia?"

Akataka kupiga simu waahirishe. Nikamkataza, mambo ya ofisi hayasemwi matangani. Jirani yetu Dilli akaniambia toka mlangoni, "Mzee Harka, serikali haiyajui matanga yako." Nikamjibu, "Mimi nayajua."

Matanga yakaisha, Tulasa akapiga. Faili limefungwa. Tuanze upya, na huenda mwaka ukapita.

Kwa Manmaya sijutii, kesho ningekaa kona ile ile. Kwako ndiko maneno yanakonikaukia. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, nami nilikuahidi nitakuja mwaka huu.

Sikukuu ya Tihar ikifika nami sijafika, usikae bila kumpaka mdogo wako tika, ile rangi yetu ya kipajini. Ipake nguzo ya mlango kwa jina langu, uniombee uhai kama dada wote wanavyowaombea ndugu zao siku hiyo. Ila rangi usiimalize, Dada. Nibakizie kidogo.

Nisalimie Purnima na mumewe, na bibi Jasmaya wa kibanda cha pili. Tulasa anakushika miguu kwa heshima. Mungu akuachie mwanga, hata wa kuuona uso mmoja tu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Harka Bahadur