Baba Ameimwagia Maji Sauna ya Miale

Dada Oili, siamini. Baba ameimwagia maji sauna ya miale, kile chumba cha jasho kinachopashwa kwa taa za umeme!

Nilikuwa mezani nahangaika na hesabu za darasa la jioni. Nikasikia paa! Nyumba nzima giza. Nakimbia, namkuta uchi, kata ya maji mkononi, taa ya joto imepasuka. Mungu ni mwema, umeme haukumpiga.

"Baba, hii haina mawe ya moto ya kutoa mvuke! Haimwagiwi maji!"

"Sauna isiyomwagiwa maji ni kabati," ananijibu. "Umenitundika humu kama koti."

Kama koti, Oili! Na unajua daktari alivyosema, moyo wake hauwezi tena joto kali la sauna yetu ya kuni. Ndiyo maana nikamletea hii ya joto la upole.

Nikamfunga taulo. Akasema polepole, "Ilmi, mwanangu, ndiyo kusema nitakufa bila kuusikia mvuke tena?"

Kama koti, dada. Nimechoka.

Sasa amelala. Nimepiga magoti nimwombee miaka zaidi, nikajikuta namuuliza Mungu kama kesho niiwashe ile ya kuni, kule ziwani, niingie nikae naye.