Goti la Mama na Jibu la Sauti Moja

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo sana kutoka huku Kalemie. Mama yako anasema goti lake limepona, lakini namuona anashuka ngazi akishika ukuta.

Unauliza kwa nini sikufurahi uliponiandikia kwamba wanafunzi wako wa fizikia huko Kabalo wanajibu wote vizuri. Sikiliza. Nilipokuwa sekondari, mwalimu aliuliza: ukiruka kutoka mutumbwini kwenda inchi kavu, mutumbwi unafanya nini? Darasa zima tukaimba kanuni kwa Kifaransa, sauti moja: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma sawasawa. Akatutazama kama watu walioiba mbuzi wake.

"Nani amewahi kuanguka majini akiruka?"

Tukacheka. Sisi wote tulikuwa watoto wa wavuvi.

"Mutumbwi ulirudi nyuma. Nani aliusukuma?"

Tukasema mawimbi. Tukasema upepo. Mwalimu akatikisa kichwa. Mwishowe rafiki yangu Kyungu akasema polepole, "Ni miguu yangu njo iliusukuma."

Kanuni tuliyokuwa tunaiimba ilikuwa inasema hivyo hivyo, na hakuna aliyedhani inasema juu ya miguu yetu.

Basi waulize juu ya miguu. Na ukiniandikia haraka kwamba umeelewa, nitakuamini kama ninavyoamini lile goti la mama yako.

Babu yako