Kurasa Themanini na Nane, Filamu Saba

Jumatatu, 3 Machi

Saba! Ilianza filamu moja. Mwaka jana ikawa tatu, nikameza. Leo asubuhi Bwana Bado kasimama mbele ya ukuta wa kadi, mikono kiunoni, akatangaza saba. Kitabu chenyewe, alichoandika Mama, kina kurasa themanini na nane, na kumi kati ya hizo ni picha.

Bwana Bado ndilo jina tulilompa ofisini. Ndiye mwenye kampuni, ndiye mwongozaji, na ukimwambia kitu kimekwisha, yeye husema bado. Mkutano umekwisha — bado. Chai imekwisha — bado, tikiseni chupa. Sasa hadithi ya Mama nayo bado.

Filamu ya pili yote itatoka kwenye sentensi moja. "Wakatembea siku tatu." Maneno matatu! Saa mbili na dakika ishirini za watu kutembea. Nikauliza watakuwa wanafanya nini njiani muda wote huo. Akasema ndiyo maana tumekuajiri wewe, mwandishi. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni nikaitukana ndoo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeusoma mkataba upya. Upo pale, ukurasa wa sita, sina wa kumlaumu: "filamu moja, na nyinginezo kadiri hadithi itakavyoruhusu." Mimi ndiye niliyemwambia Mama aweke sahihi. Tulikuwa mezani jikoni. Aliniuliza mara mbili, una hakika? Nikasema Mama, skripti nitaandika mwenyewe, nani atakiharibu kitabu chako nikiwa nipo? Akasaini bila kusoma. Aliniamini mimi, si mkataba.

Sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimecheka mpaka sina mbavu, halafu nikaacha ghafla.

Ni hiyo filamu ya nne. Kadi za njano, safu nzima, zote habari za ndugu wa Jitu. Ndugu gani? Kitabu cha Mama kina Jitu moja tu. Linalinda lango la nchi ya waliotangulia, na linakula kengele, ndiyo maana likicheka tumbo linalia kama shule inayotoka. Nakijua kitabu hiki kwa moyo. Jitu halina ndugu, halina mjomba, halina hata jirani. Lakini ukutani ndugu yupo. Na anakula ngoma!

Nikamwendea Mtunza Kadi. Ni bwana mpole, ana kalamu nne mfuko wa shati. Kazi yake ni kusoma kitabu na kuandika kila tukio kwenye kadi; sisi wengine tunafuata kadi, kitabu hakuna anayekigusa tena. Akaapa kwamba ndugu yumo, ukurasa wa tisini na moja. Nikamwambia kitabu kinaishia themanini na nane. Akasema chake kinafika tisini na mbili. Tukabishana weee, mwisho akavuta droo akanipa.

Loh! Toleo la shule. Lile lenye maswali nyuma. Ukurasa wa tisini na moja, Zoezi, swali la saba: "Je, unadhani Jitu lilikuwa na ndugu? Kama ndiyo, alikula nini?"

Swali la watoto wa darasa la nne! Watu wazima wenye digrii zao wamelifanya filamu nzima, na hakuna aliyekohoa. Mtunza Kadi akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mimi nimekaa chini, nacheka. Halafu jicho likashuka mpaka swali la kumi, nikakauka.

"Ungekuwa wewe ni Binti, ungeliacha lango wazi? Toa sababu."

Nikainua macho ukutani. Kadi ya mwisho kabisa, nyekundu, ambayo sijawahi kuisoma kwa kuwa nilidhani naijua. LANGO LINABAKI WAZI.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Bwana Bado. Nilidhani ataona haya. Thubutu! Kakishika kile kitabu cha shule kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema, kumbe mama yako mwenyewe ndiye aliyeuliza! Yeye kauliza, sisi tunajibu.

Nikamwambia mwisho wa kitabu ndio kitabu chenyewe. Binti anamfuata baba yake aliyefariki mpaka ng'ambo ya lango, anampata, hawezi kurudi naye. Anarudi peke yake na analifunga lango kwa mikono yake. Likibaki wazi, alikwenda kufanya nini kule, kutalii? Akanipigapiga begani. Likifungwa, akasema, filamu ya nane itapita wapi?

Ya nane!

Na si jambo la miaka ijayo. Ukumbi wa kurekodia tumeukodi wiki mbili tu, na mtoto anayeigiza Binti anarefuka kila siku, kwa hiyo kila onyesho la lango linarekodiwa ndani ya wiki hizo, la filamu ya kwanza hadi la ya saba. Tunaanza na mwisho. Tarehe ishirini.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Mama. Tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anasuuza, mimi nasugua, ili nisimtazame usoni. Nikatoa yote: saba, mkataba, ndugu mla ngoma, lango. Nikasema Mama, kosa ni langu. Akasema naam, ni lako, hiyo sufuria bado ina ukoko.

Habari ya ndugu ilimchekesha. Maswali yale aliyaandika mchana mmoja, mchapishaji alitaka kumi, na la saba alilitunga huku anapiga pasi. Na la kumi? Akakunja kitambaa mara nne.

Akaniuliza kama naukumbuka mwaka aliofariki Baba. Kidogo. Yeye anaukumbuka wote. Nilikuwa na miaka saba, na kila jioni nilimwaga machozi mlango usifungwe, eti Baba akija atabaki nje. Miezi mitano tukalala mlango umeegeshwa na kiti! Mjane na mtoto, nyumba wazi, yeye macho kodo, kashika mwiko. Ndipo akaanza kunisimulia habari za Binti na Jitu, leo kipande, kesho kipande. Siku aliyofika pale Binti anapofunga lango, nilishuka kitandani mwenyewe, nikakiondoa kile kiti, nikafunga mlango wetu. Nikarudi nikalala.

Sikuwa najua. Miaka thelathini na mitatu nakibeba kitabu hiki, nakisifia kwa watu, na sikujua kwamba Binti ni mimi. Nikalia pale pale na mapovu mikononi.

Nikangoja aseme nenda kapambane nao. Hakusema. Alisema amesahihisha lile swali la kumi miaka ishirini darasani, watoto wengi waliliacha lango wazi, na wote aliwapa vema. Akili zikaniruka. Kwa hiyo Bwana Bado yuko sawa? Akanikata jicho lile la ualimu. Kila mtoto alijijibia mwenyewe, akasema. Yule bwana anataka kuwajibia wote, tena si kwa kuwa analia mtu wake.

Halafu akaniuliza mimi ningejibuje. Nikasingizia sabuni imeniingia machoni. Lakini jibu ninalo. Lifungwe.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika onyesho la lango. Limefungwa. Bwana Bado kalirudisha na mstari mwekundu.

Nimeandika tena. Limefungwa.

Ijumaa, 14 Machi

Limerudi. Nikaandika upya kwa maneno matamu zaidi. Limefungwa, na nimeongeza komeo!

Kadi nyekundu haionekani ukutani. Mtunza Kadi anasema ni upepo. Chumba kile hakina hata dirisha.

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Bado kaniita ofisini kwake, kafunga mlango. Wa kwake anajua kuufunga!

Hakupandisha sauti, ndicho kilichoniudhi. Alisema Alhamisi anataka onyesho la lango wazi mkononi. Nisipoleta, yupo mwandishi mwingine, na kweli yupo, nimempita kwenye korido, kakaa na begi mapajani kama mgonjwa anayengoja namba. Jina langu litaondolewa filamu zote saba, na mlangoni pa ukumbi watanizuia. Alisema nifikirie vizuri, ndani ya ukumbi ule hakuna mwingine aliyekisoma kitabu mpaka mwisho. Mshenzi! Anajua pa kushika.

Maana ndivyo ilivyo. Nikiondoka, Jitu litaoa. Litakuwa na mapacha. Nikibaki, nitaokoa hiki na kile, lakini lango nimelifungua kwa mkono wangu.

Jumatano, 19 Machi

Alfajiri nimeliandika. Lango wazi. Kurasa mbili. Binti anatoka, anageuka, anaona mwanga kwenye upenyo, anakwenda zake.

Na ni zuri! Hilo ndilo linalonitia hasira. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu machozi yakanilengalenga. Watu watalia, watapiga makofi, watakata tiketi nyingine. Nikamwona mtoto fulani mahali fulani anatoka sinema, anafika kwao, anamzuia mama yake asifunge mlango. Usiku wa kwanza. Wa pili. Mwezi.

Nimezichana. Vipande vinne vinne. Kisha nikaviokota, nikavichana tena.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika goti likiwa meza. Mwandiko unapinda, nitasoma mwenyewe baadaye nikiweza.

Nilifika saa mbili. Ukumbi mkubwa kama ghala, baridi, nyaya kila mahali. Lango liko katikati, mbao nzito kweli, urefu wa watu watatu. Seremala alikuwa analipaka mafuta bawaba. Akaninong'oneza kwamba ameambiwa atengeneze lango lisilofungika, amekataa, yeye hatengenezi uongo wa mbao, kwa hiyo linafungika na komeo lipo upande wa pili. Nilitaka kumkumbatia.

Mama kaja saa tatu. Bwana Bado ndiye aliyemwalika, apigwe picha na waandishi wa magazeti. Kavaa viatu vyake vya mahafali. Akakalishwa kiti cha mbele, akapewa ua. Bwana Bado akawaambia waandishi filamu saba, akaulizwa kama mwenye kitabu ameridhia, akamgeukia Mama, akacheka, si ndiyo Mama? Mama akasema mkataba umeridhia, mimi sijaulizwa. Kalamu za waandishi zikaanza kwenda mbio. Bwana Bado akacheka peke yake.

Akanijia. Kurasa ziko wapi? Nikampa. Akasoma amesimama. Limefungwa, lile lile la Ijumaa na komeo lake. Akalikunja, akampungia mkono yule bwana wa begi.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, wallahi. Basi mtu wa taa akaita, mtoto bado yuko kwa mtu wa mavazi, nahitaji mwili nipime mwanga, wewe dada, simama hapo mahali pa Binti. Hakuwa na habari kwamba nimefukuzwa! Bwana Bado alikuwa kanipa mgongo. Nikaenda nikasimama. Mtu wa taa akasema tembea, pita langoni, polepole, toka upande wa pili, hapo hapo.

Nikapita. Taa zilikuwa nyuma yangu, huku mbele giza. Nikasikia sauti ya Bwana Bado, vizuri, sasa liache hivyo hivyo, mwanga unapendeza.

Nikageuka nikalishika kwa mikono miwili. Zito! Nililivuta kwa mgongo, kwa tumbo, kwa kila kitu nilichonacho. Pande zake mbili ziliposhikana, lilipiga kishindo mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Nikasukuma komeo. Nikasema kwa sauti, kwa heri Baba. Sikupanga kusema. Lilitoka lenyewe.

Sasa nimekaa chini, nimeegemea mbao. Wanagonga. Kwanza mmoja, sasa wote. Fungua! Dada, fungua, tunapoteza muda! Bwana Bado anaita mtu wa umeme, anaita mlinzi. Mtu anasema leteni shoka, seremala anasema atakayeligusa na shoka atanijua mimi.

Na lango hili halina ukuta! Kuta zitatiwa na kompyuta baadaye. Ni mbao mbili zimesimama katikati ya ukumbi, kulia lori lingepita, kushoto lori lingepita. Hatua kumi tu. Watu ishirini wanagonga, na hakuna aliyezunguka.

Mama amezunguka. Amekuja taratibu na viatu mkononi, akaruka nyaya, akakaa sakafuni karibu nami bila kuniuliza kitu. Anasugua kidole gumba cha mguu. Anapumua kwa nguvu kidogo.

Wengine wameacha kugonga. Sasa ni Bwana Bado peke yake, anagonga kwa kidole kimoja, kwa adabu, anasema tuongee tu, niambie unataka nini. Mama ananitazama. Nami nimefungua mdomo, na jibu ni lile lile: lifungwe.