Mtani Haombi Ruhusa

Tabora

Mama,

Shikamoo. Kabla hujaitika, kaa chini kwanza, maana barua hii ni ndefu na goti lako sijalisahau. Ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Baba bado anabishana na redio? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechoka. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ukianza kucheka husikii tena kitu, na haya nataka uyapate mpaka mwisho.

Uliniuliza kazi yangu ni kazi gani hasa, maana shangazi anawaambia watu wa Kisarawe kwamba nauza vitabu. Siuzi. Chuo kimenipa kujenga hazina ya maandishi mtandaoni: tasnifu na tafiti za watu wetu tunazipiga skana, tunaziweka mahali pamoja, na mtu yeyote mwenye simu, awe Tura au Ulaya, anazisoma bure. Jambo jema, siyo? Basi njoo uwaone wenye tasnifu.

Mhadhiri mmoja ameniletea faili lenye nywila, na nywila ameisahau. Mwingine kapiga skana kurasa zote kichwa chini. Nilipomwambia, akanijibu msomaji si ageuze simu. Wa tatu ananiuliza, "Sasa wakisoma bure, nani atainunua?" Mama, kazi yenyewe imekaa rafuni tangu mimi niko shule ya msingi na hakuna aliyewahi hata kuiazima! Nikipata faili zuri, umeme unakatika. Umeme ukirudi, fundi wa seva yuko harusini. Ipo siku niliitazama ile mashine ya skana nikatamani kuitupa dirishani.

Lakini aliyenimaliza kabisa ni Mzee Maganga.

Alifundisha historia hapa chuoni, akastaafu, akarudi kwao Goweko kulima tumbaku. Enzi za ujana wake aliitembea njia ya zamani ya misafara, Tura, Goweko, Kigwa mpaka mjini, akiwauliza wazee wapagazi walipiga kambi wapi, visima vilikuwa wapi, na waliimba nini wakiteremka kwenda pwani kwetu, akayaandika yote kwenye tasnifu yake. Wazee hao wote wamekwisha. Nakala ya maktaba imeliwa na mchwa kuanzia sura ya tatu. Nzima imebaki moja tu, ya kwake mwenyewe, ndani ya sanduku la bati, kaizungushia majani ya tumbaku ili wadudu waikome. Ikipotea hiyo, habari zile ndiyo basi tena.

Nikamfuata Goweko. Nilipotaja tu kwamba mimi ni Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi wenzake, akapiga makofi.

"Kumbe mwizi mwenyewe ndiye huyu! Babu yangu alifika kwenu na pembe ya ndovu, akarudi na shanga mbili na kuhara!"

"Na babu yangu," nikamwambia, "mpaka anakufa alikuwa anangoja mrudishe kuku zake."

Tulicheka mpaka machozi. Kisha nikatoa fomu ya ruhusa ili aweke saini. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii ya nini? Wewe si mtani wangu? Mtani haombi ruhusa, mtani anachukua. Chukua." Akanisukumia sanduku.

Mama, wewe umenilea kwenye misiba ambako Wanyamwezi waliingia jikoni kwako wakabeba sufuria na wewe ukawatazama tu. Mimi nikaona hiyo ndiyo ruhusa kuliko ruhusa zote. Nikachukua. Nikaipiga skana ukurasa kwa ukurasa, nikaiweka mtandaoni, nikamrudishia sanduku lake.

Mkuu wetu wa maktaba akaniita. Ni mtu wa kwao mbali, na kabila lake halitaniani na yeyote hapa.

"Saini iko wapi?"

Nikamweleza. Akavua miwani, akajifuta uso.

"Utani si leseni, Mwajuma." Na siku hiyo hiyo akaifunga kazi ya Mzee isionekane.

Nikarudi Goweko na fomu. Mzee hataki. "Nikisaini nimekufanya mgeni. Umeona wapi mtani anaandikiwa hati?" Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikatishia kumwagia maji tumbaku yake. Anacheka tu. Baadaye mwanawe mkubwa, Shija, akamfungulia simu aione kazi yake, wakakuta imefungiwa. Mzee akanipigia.

"Mtani, umeniibia mara mbili. Kwanza umechukua, halafu umeficha."

Safari hiyo hakucheka. Nikaenda kwa mkuu, mkuu anataka saini. Nikaenda kwa Mzee, Mzee anataka utani. Na mimi katikati kama mahindi kwenye kinu! Nililia kwa hasira, sikufichi.

Kisha Mzee akafariki. Presha, ghafla, akiwa shambani.

Tulikwenda msibani watu wa chuo wengi, na mkuu wetu akiwemo. Nilikuta majembe ya kuchimbia kaburi yameegemezwa ukutani, na hakuna mtani hata mmoja aliyefika. Nikajua kazi ya watani, kumwigiza marehemu na kuzuia kaburi mpaka walipwe, imeniangukia mimi. Nikaingia ndani, nikavaa koti lake la kijivu na miwani yake, nikatoka nikiburuta mguu kama yeye na kufoka, "Nani kafungia kitabu changu? Nileteeni huyo mtu wa maktaba!" Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao. Mkuu wangu akajibanza nyuma ya nguzo ya turubai. Nikayalaza majembe chini, nikayakalia.

"Kaburi halichimbwi."

Shija anaijua desturi. Akatia mkono mfukoni atafute cha kunipa ninyanyuke. Nikakataa. Nikatoa ile fomu, iliyokaa mkobani mwangu mpaka imechanika mikunjoni.

Akaisoma yote. Akalitazama koti, akanitazama mimi. Akaiweka fomu juu ya mgongo wa mdogo wake, akatia saini kwa niaba ya familia, kisha akasema kwa sauti ile ile ya baba yake, "Haya, mwizi, ondoka kwenye majembe."

Sikuomba, Mama. Nilichukua.

Mkuu aliipokea fomu, akaigonga mhuri. Kazi imefunguliwa. Nilipoiona imetokea, nilishika simu nimpigie Mzee, nikaifikia namba yake, ndipo nikakumbuka.

Msalimie sana Baba. Shangazi mwambie siuzi vitabu, na asirudie. Kaka Juma namtumia asali hii ya Tabora, aache kuipaka kwenye mandazi ya biashara. Na yule jirani yetu Mnyamwezi muuza mkaa, mwambie sufuria yetu tumemsamehe.

Koti la Mzee bado ninalo. Nilimpelekea Shija baada ya arobaini, akanirudisha nalo mlangoni: "Mtani harudishi." Asubuhi za huku siku hizi zina baridi, naingia nalo maktabani. Mikono ni mirefu, linanuka tumbaku, na hakuna mchwa anayelisogelea.

Mwanao, mwizi wa Goweko,

Mwajuma